Damu kukatika baada ya kupaka majani, je, ni ushahidi?

Unauliza kama kukamulia majani kwenye kidonda na damu ikakatika kunatosha kuwa ushahidi. Hapana, bado. Mkwaruzo mdogo huacha kuvuja wenyewe ndani ya dakika chache, na ule mkono ulioyabana majani pale juu umefanya kazi kubwa. Unahitaji cha kulinganisha. Maabara huweka maji ya majani yaliyochujwa kwenye bomba moja la plazima (sehemu ya majimaji ya damu), maji ya chumvi kwenye jingine, kisha huhesabu sekunde hadi nyuzi za kwanza za mgando zionekane. Anayehesabu asijue lipi ni lipi! Mimea yenye tanini (kemikali za mimea zenye ladha ya ukakasi) hushikamanisha protini za damu, kwa hiyo yako inastahili kupimwa. Ila damu ikiruka kwa mapigo, tafadhali bana kwa kitambaa safi, wahi hospitali.