Dawa inanilaza hadi saa tatu asubuhi

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 31, nauza chapati na maandazi. Tangu niugue akili miaka miwili iliyopita nameza olanzapini miligramu 10, saa nne usiku. Alfajiri siamki, na moyo umepooza: sifurahi, silii. Nilipoacha dawa siku nne, usingizi ulinipotea kabisa. Nimeshakuwa teja?*

Marahaba, mwanangu. Hapana. Teja huisaka dawa, wewe unaikimbia. Olanzapini huzuia histamini, kemikali inayotuweka macho. Ukiikata ghafla, ubongo uliozoea breki hiyo huamka kwa fujo. Tatizo ni kwamba kukosa usingizi pia ni dalili ya mapema ya ugonjwa kurudi, na ukiwa peke yako chumbani huwezi kujua ni lipi kati ya hayo mawili. Kwa hiyo usiache tena kimyakimya.

Sasa hesabu saa. Kidonge hufikia kilele kwenye damu kama saa sita baada ya kumezwa. Cha saa nne usiku kinakukaba saa kumi alfajiri, wakati wa kukanda unga! Muulize daktari kama unaweza kumeza saa moja jioni, kilele kiangukie saa saba usiku. Usitarajie wepesi wote, maana nusu ya dozi huchukua zaidi ya siku nzima kutoka mwilini. Piritoni ya mafua na pombe huzidisha uzito huo. Na kama umenenepa na unakoroma, sema: huenda koo linaziba usiku, ndiyo maana unaamka umechoka.

Huko kupooza moyo kunahitaji uangalifu zaidi. Dawa hupunguza kazi ya dopamini, kemikali ya ubongo inayochochea hamu, na hamu ya mambo hupungua nayo. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, nayo hufanana hivyo, ila mara nyingi huja na kujilaumu na kukata tamaa. Maelezo yako yananielekeza kwenye dawa, lakini barua moja haitoshi. Kwa siku 14 andika saa ya kumeza, ya kulala, ya kuamka, na hali ya moyo kati ya 0 na 10. Peleka daftari hilo kliniki. Ikiwa ni dawa, daktari anaweza kushusha miligramu 2.5 kwa hatua, akikuangalia wiki kadhaa kabla ya kushusha tena. Ikiwa ni sonona, kushusha dozi hakutaisaidia. Ina tiba yake.

Ukikesha usiku mbili mfululizo bila kuchoka, au ukiwaza kufa, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda hospitali siku hiyohiyo, na ndugu mmoja akusindikize.