Kuandika maelezo ya zana ya kusoma mipangilio kwa ajili ya wakala wa akili mnemba
Ndugu, umeuliza kama maneno "husoma tu" yanatosha katika maelezo ya zana yako ya kusoma mipangilio ya seva, ili wakala wa akili mnemba aitumie bila kuomba ruhusa kila mara. Kwa maoni yangu hayatoshi. Itifaki ya MCP (Model Context Protocol, utaratibu wa kuunganisha wakala na zana), iliyotangazwa na Anthropic mwezi Novemba 2024, ina alama iitwayo readOnlyHint, inayodokeza kwamba zana husoma tu, ambayo usipoiweka huhesabiwa kuwa si kweli, hivyo iweke kuwa kweli. Hata hivyo hilo ni dokezo tu, na kizuizi halisi ni kuiendesha zana kwa akaunti isiyo na haki ya kuandika.

Jitihada kubwa ielekeze kwenye majibu. Eleza kama thamani inayorudi ndiyo iliyomo kwenye faili au ndiyo inayotumika sasa, na ufunguo (jina la mpangilio) usiokuwepo hujibiwaje. Amri ya git config --get, inayosoma mipangilio ya programu ya Git, kwa mfano, ufunguo usipopatikana humalizika kwa msimbo wa hali 1 (ishara ya kutofaulu) bila kuandika neno lolote. Binadamu atang'amua, ila wakala asiyeelezwa anaweza kudhani zana imeharibika, akairudia bure. Nywila nazo zifichwe kabla ya jibu kutoka, kwani kusoma pia huvujisha siri.