Mleta uzi, usimweke Franco mezani unapoonja muziki mgeni

Mkuu, futa hilo jedwali kabla hujajaza mstari wa kwanza. Unasema rumba ya Kongo, ile ya mpiga gitaa Franco na wenzake, ndiyo uliyokua nayo, sasa unataka kuonja aina 30 za muziki kwa siku 30: unapiga kitu kigeni kimoja, unapiga rumba moja "kusafisha masikio", unatoa alama kati ya 10, kesho unahamia kwingine. Nimesoma nikashika kichwa. Ni mpango uleule niliowahi kuufuata mimi, na ulichonipa ni jedwali zuri lenye rangi ambalo kila mstari wake ni uongo. Raga ya Kihindi: 3. Dub ya Jamaika: 2. Gamelan, yaani magongo na vyombo vya chuma vya Indonesia: 1, na pembeni nimeandika "masufuria". Hilo neno nalijua litasomwa siku ya mazishi yangu, basi cheka tu mapema.

Shida si hizo alama. Shida ni hiyo rumba unayoichomeka katikati.

Fikiria unachopimanisha. Rumba yako umeisikia mara 500. Unajua mpiga solo anaingia wapi, unajua sebene linafyatuka wapi, mguu unatikisika kabla hata halijafika. Ule muziki mgeni umeusikia mara moja. Kwa hiyo hujapimanisha rumba na raga, umepimanisha mara ya 500 na mara ya kwanza. Mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha mwaka 1968 kwamba watu hukipenda kitu zaidi kwa kukutana nacho tu mara nyingi, hata wasipoelezwa chochote kukihusu. Ukipiga kipenzi chako mara tu baada ya mgeni, mgeni ameshafungwa kabla ya mpira kuanza.

Halafu kuna jambo baya zaidi, ambalo ndilo lililonigharimu. Kipenzi huacha maswali yake sikioni. Rumba imekufundisha kusubiri: kwanza uimbaji wa taratibu, kisha magitaa yanashika usukani na sebene linaanza. Sasa toka hapo uingie kwenye raga. Sehemu ya kwanza inaitwa alap, na haina ngoma kabisa. Jukwaani inaweza kupita nusu saa. Sikio lililotoka kwenye rumba linauliza swali moja tu, "ngoma zinaingia lini?", na kwa kuwa haziingii linaamua hakuna kinachoendelea. Kumbe ndipo kazi yote inapofanyika: mpigaji anazitambulisha nota za raga ile moja moja, anaanza chini, anapanda, anaionjesha nota mpya kidogo halafu anarudi, na hiyo nota ya juu anaweza kukunyima kwa dakika kumi nzima. Ukiwa unasubiri ngoma, hiyo yote inakupita.

Tabla, yaani ngoma za mkono za Kihindi, ikishaingia, mara nyingi ni kwenye mzunguko wa tintal, mapigo 16. Piga kofi kwenye 1, kwenye 5 na kwenye 13. Kwenye 9 usipige, fungua tu kiganja hewani. Fanya hivyo dakika tano bila aibu (funga mlango). Utaanza kusikia wapigaji wanavyotawanyika kila mtu na njia yake halafu wanatua pamoja kwenye pigo la 1. Ukilikamata hilo tuo mara mbili tatu, ile 3 uliyoandika itakuchoma.

Sasa yule bwana wa kwenye video uliyembandika hapa, anayesema "sekunde 30 zinatosha kujua kama muziki ni wako". Huyo, au pacha wake, ndiye aliyenipoteza na mimi, na naona bado ana wateja. Hebu tumpigie hesabu. House, muziki wa dansi wa klabu, ya mapigo 120 kwa dakika mara nyingi hufunguliwa na baa 32 (baa moja ni mapigo manne) za midundo mitupu, ili DJ apate nafasi ya kuuchanganya wimbo na uliotangulia. Baa 32 mara mapigo 4 ni mapigo 128, yaani sekunde 64. Kwa sekunde zake 30 hujafika hata nusu ya mlango. Na geuza upande: mgeni akiihukumu rumba kwa sekunde 30, amesikia nini? Enzi za sahani ndogo za 45, nyimbo nyingi zilikatwa vipande viwili, uimbaji upande A, sebene upande B. Mtu aliyeishia upande A atakwambia rumba ni muziki wa kubembelezea watoto. Ungemwelewa? Ndivyo unavyotaka kuwafanyia wenzako 30.

Na kuna sauti kubwa na ndogo, mtego ambao huyo bwana haugusi kabisa. Sikio likipewa vitu viwili, hukiita bora kile chenye sauti kubwa zaidi, hata kwa tofauti ndogo ya desibeli moja au mbili ambayo mwenyewe hutaitambua kama tofauti ya sauti. Rekodi ya kisasa iliyobanwa inaweza kukaa LUFS -8 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti ya rekodi), ya jazz ya zamani ikakaa -18. Hizo ni desibeli 10, na kwa sikio la binadamu desibeli 10 ni karibu mara mbili ya ukubwa. Kingine, Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sauti ikishushwa, besi ndiyo inayopotea kwanza masikioni. Kwa hiyo rekodi iliyo chini haisikiki ndogo tu, inasikika nyembamba, na wewe unaandika "haina uzito". Washa kipengele cha kusawazisha sauti kwenye programu yako (Spotify kwenye kiwango cha kawaida husawazisha hadi LUFS -14), au shika kitufe mwenyewe. Ndiyo maana dub yangu ilipata 2. Hiyo, na kwamba niliisikiliza kwa spika ya simu. Uzi wa chini kabisa wa gitaa la besi hutetema hezi 41. Spika ya simu haifiki huko hata ukiiombea dua. Dub ni muziki ambao watu kama King Tubby waliutengeneza kwa kuondoa sauti za waimbaji na kubakiza besi, drum na mwangwi. Mimi nikaondoa na besi. Nilikuwa nasikiliza mwangwi wa kitu ambacho hakipo, natoa alama.

Kwa hiyo kanuni ni hii, na kwenye uzi huu sitaiacha: aina moja, rekodi tano, kila moja nzima, mara saba, na kipenzi chako kikae kabatini muda wote huo. Hiyo ni misikilizo 35. Miwili kwa siku inakuchukua siku 18. Ndiyo, aina 30 zitakumaliza mwaka na nusu. Una haraka ya kwenda wapi?

Hizo tano usiziache zichaguliwe na mashine ya mapendekezo. Mashine inakujua wewe, haiujui huo muziki. Itakuletea flamenco ya Uhispania iliyochanganywa na kitu unachokipenda tayari, utasema flamenco unaipenda, kumbe umependa rumba iliyovaa shati jingine. Muziki wa mchanganyiko ondoa kabisa kwenye duru hii. Tafuta wapigaji ambao wenye muziki huo wenyewe wanawataja, chukua rekodi tatu za mtu au bendi moja na mbili za mwingine wa kipindi kilekile. Ukichukua jazz ya mwaka 1925 na ya mwaka 1965 kwenye tano moja umechukua aina mbili. Angalau moja iwe ya jukwaani. Na angalia urefu: sahani za kale za inchi 10 zilibeba kama dakika tatu kila upande, hivyo ukisikiliza taarabu ya Siti binti Saad aliyoirekodi Bombay mwaka 1928, unasikia muziki uliopunguzwa ili uenee kwenye sahani. Ni hazina, ila usiitumie kupima subira ya taarabu.

Msikilizo wa kwanza usifanye lolote, hata kuandika. Wa pili, fuata chombo cha chini kabisa tu, wengine wasahau. Wa tatu tafuta mzunguko, na hapa ndipo wengi hukwama kwa sababu wanahesabu nne nne kila mahali. Bulería ya flamenco ina mzunguko wa 12, lakini mikazo inaanguka kwenye 12, 3, 6, 8 na 10. Yaani mbili ndefu, tatu fupi. Ukiilazimisha nne nne utasema wapigaji hawajui mapigo. Wanajua. Kwenye gamelan subiri gongo kubwa: hilo linafunga mzunguko, na vyombo vyote vilivyo juu yake vinagawa muda uliopo kati ya gongo na gongo, vidogo vikigawa kwa kasi zaidi. Kuanzia wa nne utajikuta unaimba kipande ukiwa unatafuta viatu, hiyo ni dalili nzuri.

Kati ya wa tatu na wa nne utachoka. Namaanisha kuchoka kweli, unataka kuuzima. Hapo sikio limeshatambua kinachojirudia ila bado halijatambua kinachobadilika. Ndipo mkono unapokwenda kwa Franco. Usiende.

Sababu nyingine ya kufunga kabati ni nota zenyewe. Gamelan ina mifumo miwili, slendro ya nota 5 na pelog ya nota 7, na kila seti ya vyombo imetiwa sauti kivyake, hailingani na ya kijiji cha pili wala na gitaa lako. Ukitoka kwenye rumba muda huohuo, kila kitu kitasikika kimepinda. Maqam ya Rast, mfumo mmoja wa nota wa Kiarabu, nayo ina nota ya tatu iliyokaa katikati, kati ya zile mbili ambazo gitaa linazo. Ukikaa siku nne tano bila gitaa, hiyo nota inaacha kuwa kosa. Ukisikiliza gitaa kila jioni, inarudi kuwa kosa kila jioni, na hii ndiyo ilinila miezi bila kujua.

Baada ya misikilizo 35 linganisha unavyotaka, ila kwa swali moja dogo. Si "ipi nzuri". Uliza besi inafanya nini. Sawazisha sauti, piga rumba dakika tano, piga dub dakika tano, sikiliza besi tu: kwenye rumba inamsukuma mpiga gitaa mbele, kwenye dub yenyewe ndiyo wimbo, halafu inanyamaza kwa makusudi na unajikuta umekishika kile kimya.

Uliuliza na hedifoni. Yoyote inayoziba sikio sawasawa. Ikiacha upenyo besi inatoroka, na bei haitakusaidia. Nitumie majina ya hizo tano zako za kwanza niyaangalie kabla hujaanza, na ukimwingiza mtu wa mchanganyiko nitamtambua.