Kabla ya kugawa fedha za shule, zungukeni shule

Nilikaa kwenye bodi ya shule ya sekondari ya kata kwa miaka sita, huku ukanda wa chini wa Moshi, kule ambako mvua ya Aprili ikichachamaa mlimani sisi wa tambarare ndio tunaoyapokea maji. Shule siitaji jina, maana nitakayoyasimulia ni makosa yetu wajumbe. Kila wazazi wapya wanapoteuliwa kuingia bodi, kuna anayenipigia simu: "Mama, tuanzie wapi?" Mimi nilianzia pabaya, na watoto ndio walioumia. Ndiyo maana naandika.

Kikao changu cha kwanza cha matumizi kilikuwa Jumamosi, ofisini kwa mkuu wa shule. Soda mezani, makabrasha mkononi, na shule nzima hakuna mwanafunzi hata mmoja. Kila mjumbe alikuja na lake. Mwalimu wa taaluma aliomba kemikali za maabara. Mama mmoja alisemea meza na viti vya kidato cha kwanza. Mzee mmoja, mtu wa heshima sana pale kijijini, alitaka geti lipakwe rangi na lichomelewe upya, kwa kuwa mahafali ya kidato cha nne yalikuwa yamekaribia na mgeni rasmi angeingilia pale. Tulibishana karibu saa tatu. Geti likapita, shilingi 380,000. Halikupita kwa hoja. Lilipita kwa sababu mzee aliongea wa kwanza, na sisi tuliolelewa kutombishia mkubwa tukainamisha vichwa.

Wiki mbili baadaye nilifika shuleni siku ya masomo, saa ya mapumziko, kuleta maharage ya chakula cha mchana. Nikaomba kwenda chooni. Kwenye vyoo vya wasichana nilimkuta binti wa kidato cha tatu amesimama mbele ya mlango, ameshika kanga kwa mikono miwili, ameitandaza kutoka fremu hadi fremu.

"Shikamoo, mama," akasema, na kanga hakuiachia. Mwenzake alikuwa ndani.

Nilimuuliza mlango umekwenda wapi. Akanionyesha kwa kidevu: ulikuwa umeegemezwa ukutani, bawaba zimeliwa na kutu. Milango mingine ilikuwepo lakini haina komeo, kwa hiyo wasichana huenda wawili wawili, mmoja anashika, mwingine anaingia. Foleni inakuwa ndefu, kengele inagonga, na kipindi cha baada ya mapumziko wanakikuta katikati. Kisha akaongeza kwa sauti ndogo, akirekebisha pindo la kanga lililoteleza: "Na zile siku zetu, mama, tunabaki tu nyumbani."

Nilirudi nyumbani moyo umeniuma. Wasichana walikuwa 240, matundu ya vyoo 7, wakati kipimo kinachotumika shuleni kwetu Tanzania ni tundu 1 kwa wasichana 20, yaani tulitakiwa kuwa na 12. Matundu 5 ya kuongeza ni mradi mkubwa, hilo naelewa. Lakini fundi aliniambia kufunga bawaba na makomeo kwenye milango yote saba, pamoja na ufundi wake, ni shilingi 60,000. Fedha ya geti ingefunga komeo mara sita.

Tangu siku ile kila ombi lililokuja mezani nililiuliza swali moja: hiki kikikosekana, ni nani anakosa kipindi, na mara ngapi kwa wiki? Geti likikosa rangi hakuna anayekosa kipindi. Chaki ikiisha, darasa zima linakosa. Swali hili halina ujanja, na hata mzee wa geti alilikubali nilipomweleza taratibu pembeni, baada ya kikao, siyo mbele za watu. Nawasihi wajumbe wapya, mkubwa msimkosoe hadharani, mtapoteza yeye na hoja yenu.

Sasa kuhusu fedha yenyewe. Wazazi wengi wanaamini kwamba tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016, serikali inalipa kila kitu. Hebu tupige hesabu. Ruzuku ya uendeshaji kwa sekondari imepangwa shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Katika hizo, nusu hubaki juu serikalini kwa ajili ya vitabu, na nusu, 12,500, ndiyo inayoingia akaunti ya shule. Shule yetu ilikuwa na wanafunzi 480. Hiyo ni shilingi 6,000,000 kwa mwaka, ambayo ni 500,000 kwa mwezi. Ipo fidia ya ada pia, ile serikali inayolipa badala ya mzazi, shilingi 20,000 kwa mwanafunzi wa kutwa, lakini laki tano ile ndiyo itakayowatesa. Ndani yake mna chaki, karatasi za mitihani, wino wa mashine, kitasa kilichovunjika, dawa ya huduma ya kwanza. Miongozo nayo inaelekeza mafungu, kwa hiyo bodi haigawi inavyojisikia. Mwombeni mkuu wa shule awasomee miongozo hiyo kikao cha kwanza kabisa, neno kwa neno. Mkuu wa shule ndiye katibu wa bodi, na kukusomea si fadhila.

Kalenda nazo ni mbili, na hapa ndipo bodi nyingi zinapojikwaa. Mwaka wa masomo unaanza Januari, mwaka wa fedha Julai mosi. Ukigundua Mei kwamba maabara haina kitu, na bajeti ya Julai imeshapita huko halmashauri bila fungu hilo, utaomba na kuomba. Mtihani wa taifa wa kidato cha nne ni Novemba, na vitendo vya kemia, fizikia na baiolojia vinahitaji vifaa mkononi miezi mingi kabla, kwa sababu mtoto hajifunzi kushika bureti, ule mrija wa kioo wa kupimia asidi, siku ya mtihani. Mwalimu wetu wa kemia alikuwa akifundisha upimaji wa asidi kwa kuchora ubaoni. Alichora vizuri sana, na mimi kila nikiukumbuka ule mchoro nasikia vibaya. Na tangu ununuzi wa umma ulipohamia NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi kwa mtandao, mwaka 2023, kununua kwa haraka dukani mjini kwa kuwa tumekumbuka leo ni jambo la kusahau. Pangeni mapema.

Chakula nacho ni habari ndefu. Shule ya kutwa hailetewi fedha ya chakula, kwa hiyo makande yale ni ya wazazi: debe la mahindi, maharage, kuni, na mshahara wa mpishi. Ushauri wangu ni kwamba bodi isiamue kiwango peke yake. Iteni mkutano wa wazazi, wakubaliane, mwandike muhtasari, mpate kibali cha mamlaka husika, kisha mkusanye. Na mtoto ambaye mzazi wake hana, asirudishwe nyumbani. Waraka wa elimu bila malipo unakataza, na hata usingekataza, mtoto anayefukuzwa kwa debe la mahindi ndiye yule yule anayekosa kipindi.

Kuna jambo ambalo sisi wa Kilimanjaro tumejaliwa, nalo ni Desemba. Watoto wa hapa walioko Dar es Salaam, Mwanza na hata nje ya nchi wanapanda kuja nyumbani kwa Krismasi, mifuko iko wazi na mioyo pia. Mwaka wa tatu wa bodi yetu, kikundi cha waliosoma hapo kilitaka kutuletea kompyuta kumi. Tulishukuru, tukafurahi, karibu tupige vigelegele. Kisha mwalimu mmoja kijana akauliza zitakaa wapi, maana chumba pekee kilichokuwa wazi hakikuwa na nondo madirishani, na umeme haukufika huko. Tulikwenda kuwaona wakubwa wa kikundi kile nyumbani, tukanywa nao chai, tukawaonyesha orodha yetu yenye bei: matundu ya vyoo, tangi la maji, meza na viti 40. Walichagua tangi na matundu matatu. Hawakuchukia hata kidogo. Mtu anayependa shule yake hufurahi kuambiwa shule inahitaji nini. Kwa hiyo orodha iwe tayari ifikapo Novemba, yenye bei za kweli kutoka kwa fundi, si za kukisia.

Kwenye vikao tulibadilisha mambo mawili. La kwanza, mpangilio wa kuongea. Wanaanza dada mkuu na kaka mkuu kutoka serikali ya wanafunzi, tunaowaalika watueleze walichokiona, halafu walimu, halafu wazazi, na mwenyekiti na wazee wanafunga. Mzee akiongea mwisho anakuwa ameshasikia, na heshima yake inabaki palepale, tena inaongezeka, kwa kuwa neno la kufunga ni lake. La pili, mbao za matangazo. Fedha iliyoingia na iliyotoka ibandikwe pale kila mwezi, kwa maandishi makubwa. Siku ya kwanza tulipobandika, wazazi wawili waliokuwa wamegoma kuchangia chakula walisimama kusoma kwa muda mrefu, mmoja akifuatisha mistari kwa kidole. Wiki iliyofuata waliwaleta watoto wao wakiwa na mahindi.

Si kila tulichokitaka tulikipata. Niliondoka kwenye bodi bado tunadaiwa matundu mawili, na maabara ilikuwa na bureti sita kwa darasa la watoto 50. Lakini makomeo yapo. Tuliyaandikia mstari wake kwenye mpango wa kila mwaka, shilingi 30,000 za kubadilisha yaliyolegea, na hakuna mjumbe aliyewahi kuupinga mstari ule.

Kwa hiyo wanaonipigia simu nawaambia hivi: mwombeni mwenyekiti kikao cha kwanza kiwe siku ya masomo, kianze saa nne na nusu, wakati wa mapumziko. Msiingie ofisini kwanza. Vaeni viatu vya kutembelea, mwombeni dada mkuu awatangulie, na mwanzie vyooni.