Kahawa ya Kilimanjaro Isichemshwe

Mhariri, mliuliza: msomaji asiye na mashine ya kahawa anunue chombo gani ili aonje uzuri wa kahawa yetu nyumbani? Mimi naanza na kahawa yenyewe. Ukishajua imetoka wapi na imeandaliwaje, chombo utakijua.

Arabika, aina ya kahawa inayolimwa Kilimanjaro, ikichumwa mbivu humenywa, huchachushwa, huoshwa na kuanikwa juu ya vichanja. Kazi yote hiyo huipa ladha safi yenye uchachu mwororo, na ukiichemsha umeufuta. Hii naitaka kwenye koni ya kuchujia yenye karatasi, inayokaa juu ya kikombe: gramu 15 za kahawa, mililita 250 za maji. Mimina kwanza maji kidogo ya kulowesha unga tu, ungoje nusu dakika. Utaona unga unafura na kutoa mapovu. Ni hewa ya ukaa iliyobaki ndani tangu kahawa ilipokaangwa. Kisha mimina polepole kwa kuzungusha. Dakika 3 hivi zinatosha. Maji yawe ya nyuzi 90 hadi 96, kwa hiyo wa Dar es Salaam aipue birika angoje kidogo. Wa Moshi, kwa sababu ya mwinuko, maji yake huchemka kwenye nyuzi 97 hivi, anaweza kumimina karibu papo hapo. Karatasi zikikosekana, kitambaa safi cha pamba kitafaa.

Robusta ya Kagera ni habari nyingine. Nyingi hukaushwa na maganda yake ndipo ikobolewe. Ni nzito, chungu, na kafeini yake ni karibu mara mbili ya arabika. Hii inastahimili moto. Itwange, itie kwenye dele, lile birika refu la wauza kahawa, juu ya mkaa, ongeza tangawizi, inywe kwa kikombe kidogo bila sukari, kashata ikiwa pembeni. Inaniuma kusikia vijana wakiita kahawa ya dele ya kizamani. Wauza kahawa wa pwani wanajua kazi yao, na anayeipitisha robusta hiyo kwenye karatasi kisha akalalamikia uchungu anaionea.

Fedha ya ziada ukiwa nayo, nunua kinu kidogo cha kusagia kwa mkono kabla ya chombo kingine chochote. Kahawa ikishasagwa harufu yake huondoka upesi, lakini punje nzima kwenye chombo kilichofungwa vizuri hukaa wiki kadhaa. Kwa koni, saga iwe kama mchanga. Ikiwa laini mno maji yanakwama na kikombe kinakuwa kichungu.

Ombi langu ni kwa wanaokaanga kahawa nchini. Tunailima kuanzia Mbinga hadi Karagwe, lakini pakiti nyingi ninazoziona dukani zina tarehe ya mwisho wa matumizi tu. Tuandikieni siku ilipokaangwa na wilaya ilikotoka. Nitalipa zaidi kwa pakiti hiyo.