Kabla uamini hiyo grafu, uliza nani alikuwa zamu

Nyinyi mnaoanza kazi ya rekodi kwa hizi kliniki zetu za Nairobi, ngoja niwaambie kitu nilijifunza kwa aibu.

Nilikuwa na mwaka hivi kwa kituo kimoja huku Eastlands, mwisho wa mwezi nikijumlisha rejista naona wanaume wa kutokwa na usaha sehemu za siri wameruka karibu mara tatu. Nikapaniki. Nikachora grafu, nikaibeba hadi kwa mkutano nikasema kisonono kimelipuka mtaani na tuitishe dawa zaidi. Sista mmoja wa siku nyingi akaniangalia tu, akauliza, "Kijana, mwezi huo nani alikuwa anaona wagonjwa chumba namba nne?" Kumbe yule mama aliyekuwa hapo alihamishwa, akaletwa daktari kijana wa kiume, na watu wa boda wakaambiana pale steji. Ugonjwa walikuwa nao kitambo, ni vile walikuwa wananunua vidonge kwa kemisti, wanameza, wanarudi kazi, na kemisti hamjazii mtu rejista yetu.

Siku hizi namba ikicheza naanza na kuuliza nini kilibadilika hapa ndani. Nani alihamishwa? Kulikuwa na mgomo? Mwaka wa 2017 wauguzi waligoma karibu miezi mitano, na ukiangalia data ya miezi hiyo bila kukumbuka unaweza dhani Nairobi nzima iliokoka.

Halafu kuna hii: mara nyingi tunatibu kwa dalili, si kwa majibu ya maabara. Mwanamke akija na uchafu ukeni anaandikwa kwa mstari wa magonjwa ya zinaa na pengine ni fangasi tu ambayo hata si ya zinaa, na yule mwenye klamidia isiyo na dalili, na hao ni wengi, haingii mahali popote. Kwa hivyo mstari wa wanawake mimi husoma polepole. Usaha kwa mwanaume una maana zaidi, mara nyingi ni kisonono au klamidia.

Mimi naamini zaidi namba ya kaswende ya kliniki ya wajawazito, kwa sababu mama anapimwa awe anaumwa au haumwi. Lakini tafadhali, waliopimwa waandike kando ya waliopatikana nayo! Wanane kati ya mia tano si sawa na wanane kati ya sitini, na kuna miezi vifaa vya kupima vinaisha tarehe kumi, watu wanaona namba imeshuka wanapiga makofi.

Nina daftari ya shilingi hamsini kando ya kompyuta. Vifaa vimeisha leo, naandika. Daktari amebadilishwa, naandika na tarehe. Wakubwa wakipiga simu kuuliza mbona namba imepanda, nafungua ukurasa, najibu bila kutetemeka.