Kabla hujalihama soko la asubuhi

Kwa miaka mitatu sikupika kuku nyumbani kwangu. Nyama sikuwa nimeiacha. Ila nilikuwa Muislamu pekee shuleni kwetu, katika wilaya moja ya kusini mwa mkoa wa Roi Et, kaskazini mashariki mwa Thailand, na kuku wa sokoni walichinjwa na watu wema ambao bismillahi si yao. Nikala mayai, nikala samaki, nikazoea. Mwaka wa nne supamaketi ikafunguliwa kando ya barabara kuu. Siku ya pili yake nilisimama mbele ya friji refu, pakiti ya mapaja ya kuku mkononi, na juu yake nembo ya halali yenye umbo la almasi, ile inayotolewa na Baraza Kuu la Kiislamu la Thailand. Machozi yalinitoka pale pale.

Naanza na hilo ili msije mkadhani nimekuja kuisema vibaya supamaketi. Walimu wenzangu kutoka nyumbani Tanzania wanaopangiwa mikoani huku huniuliza swali moja tu: dada, tutakula nini? Siku hizi wanaongeza: kuna supamaketi? Mara nyingi jibu ni ndiyo, na kama haipo leo huenda mwakani ikawepo. Ninayotaka kuwaambia ni namna ya kuishi nayo ikishafika.

Wageni wa wilaya yetu tunajuana wote. Wapo walimu sita wa Kifilipino, yupo Mkenya mmoja wa wilaya jirani ambaye ndiye mtu wangu wa kuzungumza naye Kiswahili, na wapo wazee wa Kizungu, wengi wao Waingereza na Wajerumani, waliooa huku na kustaafia katika vijiji vya wake zao. Siku ya ufunguzi watawa wa Kibudha walisoma dua zao na kunyunyiza maji mlangoni, kisha watu wakaruhusiwa kuingia. Haikupita robo saa, wageni wote tukakutana sehemu moja: kwenye rafu ya bidhaa za kutoka nje. Mzee mmoja wa Kiingereza alikishika kipande cha jibini kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto mchanga. Wafilipino walikuwa kwenye nyama za kopo. Mimi na yule Mkenya tulikwenda moja kwa moja kwenye unga.

Rafu ile ilijaa siku hiyo kuliko siku nyingine yoyote iliyofuata. Baada ya miezi minne jibini za aina tisa zilibaki mbili, shayiri ya uji ikatoweka, na mahali pa mchuzi wa nyanya wa Kitaliano pakapangwa mwani wa kukaanga. Wazee walikasirika. Wakawa wanasimama pale wakiisema nchi nzima kwa sababu ya jibini, tena mbele ya wafanyakazi vijana ambao wengine niliwafundisha Kiingereza mimi mwenyewe na wanaelewa kila neno. Nawaomba sana, msijiunge na mazungumzo hayo. Wageni katika wilaya nzima hatufiki hamsini. Duka lile lilijengwa kwa ajili ya wakulima wa mpunga, walimu wa Kithai, manesi na familia zao, nao jibini hawali. Nilimuuliza msimamizi wa rafu, binti mpole sana, akanieleza kwamba wanaagiza kulingana na kinachopita kaunta ya kulipia. Basi kama kuna kitu mnakihitaji kweli, kinunueni kidogo kidogo kila wiki. Ukikomba vyote kwa siku moja kisha ukapotea miezi miwili, umekiua mwenyewe.

Na bei zake muzipigie hesabu mapema. Mshahara wangu wakati ule ulikuwa baht 28,000 kwa mwezi, na kipande cha jibini cha gramu 200 kiliuzwa kama baht 180. Ukitaka siagi au jibini, tazama kwanza za Australia na New Zealand. Thailand ina mikataba ya biashara huria na nchi hizo mbili tangu 2005, na kwenye rafu yetu za Ulaya hazijawahi kuzishinda kwa bei.

Sasa unga, maana hapa ndipo watu wetu wanapoumia.

Utaona mfuko umeandikwa kwa Kiingereza kwamba ni unga wa mahindi, na kwa Kithai *paeng khao phot*. Utaruka kwa furaha kama nilivyoruka. Huo si sembe. Ni wanga wa mahindi, ule wa kuzitia uzito supu na mchuzi. Ukiumimina kwenye maji ya moto utapata kitu kinachong'aa na kunata kama gundi, na usiku wako umeharibika. Ndivyo ilivyo pia kwa *paeng man sampalang*, unga wa muhogo. Mimi ni mtu wa Tanga, nimelelewa kwa bada, ugali wa muhogo, nikanunua mifuko miwili nikijua nimefika nyumbani. Nao ni wanga mtupu. Thailand inauza bidhaa za muhogo duniani kuliko karibu nchi yoyote, lakini unga wa dukani ni wanga uliokamuliwa viwandani, si makopa yaliyosagwa kama kwetu.

Nilichokuja kukitegemea ni unga wa mchele wa kawaida, *paeng khao chao*. Chapa ya tembo wenye vichwa vitatu ipo karibu kila duka: mfuko mwekundu ndio wa mchele wa kawaida, wa kijani ni wa mchele unaonata, wa bluu ni wanga wa muhogo. Shika mwekundu. Ugali wake ni laini na mweupe, unataka kusongwa kwa moto mdogo, na kwa mchuzi wa samaki unashuka vizuri. Sembe yenyewe tunaagiza mtandaoni, kilo tano tano, mimi na Mkenya tunagawana nauli. Chapati hazina shida kabisa, unga wa ngano wa matumizi yote upo hata kwenye maduka madogo.

Kuhusu muhogo nina onyo, na hili lichukulieni kwa uzito. Mtapita na pikipiki katikati ya mashamba ya muhogo, na mwenye shamba, kwa ukarimu wa watu wa huku, atawaambia chimbeni. Msichimbe. Mihogo mingi ya Isan, yaani kaskazini mashariki huku, ni ya kiwandani, michungu, yenye sumu ya sianidi. Bibi zetu wanaijua mihogo ya namna hiyo na kazi ya kuivundika kabla ya kuila. Wa kuchemsha upo wa aina yake, wanauita *ha nathi*, maana yake dakika tano, na anayeuza ni mama wa sokoni ambaye anajua umetoka shamba gani. Supamaketi yetu haijawahi kuuza muhogo mbichi.

Mambo mengine ya kusoma kwenye pakiti nayataja haraka. Maziwa: tafuta neno *chuet*, yaani yasiyotiwa sukari, la sivyo chai yako itakuwa sharubati. Mkate wa huku ni mtamu, hata ule wa boflo. Kwa Waislamu, jifunzeni neno หมู kwa macho kabla ya kujifunza kusalimia. Ni nguruwe, na utalikuta pasipotarajiwa, kwa mfano kwenye mikate inayonyunyiziwa nyama yake iliyochambuliwa kama pamba. Nembo ya halali iangalie kwenye kila pakiti, usiikariri chapa. Kampuni moja inaweza kuwa na soseji zenye nembo na nyingine zisizo nayo, zimelala bega kwa bega. Karibu na Ramadhani tende huwa zipo, na hapo namshukuru Mungu kwa duka lile kila mwaka. Beba kikapu chako pia: tangu Januari 2020 maduka makubwa ya Thailand yaliacha kugawa mifuko ya plastiki bure. Ukitaka kupunguza gharama, nenda jioni, baada ya saa kumi na mbili hivi, wakati wafanyakazi wanapobandika vibandiko vya njano, *pai lueang*, kwenye vyakula vinavyokaribia mwisho wa muda. Mwulize mwalimu yeyote wa Kithai, atakuambia saa kamili ya duka lenu. Na mkielekezwa njia kwa "Lotat", ni Lotus's, mojawapo ya supamaketi za huku. Wazee wa Kizungu bado wanaiita Tesco, ingawa Tesco iliuza maduka yake yote ya Thailand kwa kundi la makampuni la Kithai, CP, mwaka 2020.

Sasa nije kwenye kosa langu, kwa kuwa ndilo lililonifanya niandike.

Baada ya ufunguzi niliacha kwenda sokoni. Sikupanga, ilitokea tu. Soko letu linaanza saa kumi na moja alfajiri, na saa mbili kasoro watu wanakunja majamvi. Supamaketi ina kiyoyozi, bei imeandikwa, hakuna anayekuuliza kwa nini hujaolewa. Nilikwenda huko kila Jumamosi kwa miezi miwili. Kulikuwa na bibi mmoja sokoni, muuza nazi, tunamwita Yai, ndivyo watu wa huku wanavyomwita bibi mzaa mama. Yai ana mashine ya kukuna nazi inayomaliza tano kwa muda ambao mimi na mbuzi yangu ya Tanga ningekuwa kwenye ya kwanza, na mashine nyingine ya kukamua tui. Kwa miaka mitatu alikuwa akinikamulia tui zito, la kwanza, bila kulichanganya na maji, kwa kuwa aliwahi kuniuliza kwetu nazi tunaipikia nini nami nikamweleza wali.

Siku moja mjukuu wake, mwanafunzi wangu wa darasa la tano, alikuja na mfuko wa matango. Akainama, akasema: Khru, yaani mwalimu, Yai anauliza amekukosea nini.

Sikulala vizuri usiku ule. Alfajiri nilikwenda, nikamwamkia kwa viganja vilivyounganishwa kama wanavyowaamkia wakubwa wao, nikamwomba radhi. Hakutaka maelezo. Aliniuliza kama nilikuwa mgonjwa, akanikamulia tui, akakataa hela yangu siku hiyo.

Ndipo nilipoanza kuona nilichokuwa nimekipoteza. Kithai changu chote nilikipata sokoni: namba, majina ya mboga, namna ya kukataa bila kumvunja mtu moyo. Ndani ya miezi miwili ya kiyoyozi nilikuwa sijaongeza hata neno moja, maana kwenye kaunta mashine inasema bei na simu inalipa. Mboga nazo, jamani. Fungu la *khana*, ambayo ndiyo sukuma wiki yetu ya huku, ni baht kumi sokoni na limechumwa usiku huo huo. Kule supamaketi fungu hilo limefungwa kwa plastiki, limesafiri, na bei ni zaidi ya mara mbili. Mchicha upo na bamia zipo. Na samaki: *pla nin* anayeuzwa akiwa hai kwenye beseni ni sato wetu, yule yule. Mwaka 1965 mwana mfalme Akihito wa Japani alimpelekea Mfalme Bhumibol samaki hamsini wa jamii hiyo yenye asili ya Afrika, wakazalishwa kwenye mabwawa ya kasri, na leo analiwa nchi nzima. Nilipomwambia muuza samaki kwamba samaki huyu anatoka kwetu, alicheka mpaka akamwita jirani yake aje asikie.

Kwa hiyo kwangu mgawanyo umekaa hivi. Alfajiri ya Jumamosi ni soko: tui, mboga, samaki, ndizi, mayai, na maneno. Jioni, mara moja kwa wiki, ni supamaketi: kuku wa halali, unga, mafuta, maziwa, sabuni. Nabeba mfuko wa kutunza baridi kwenye pikipiki, kwani Aprili joto la Isan linapita nyuzi arobaini na kuku hafiki nyumbani salama bila huo. Rafu ya vitu vya nje naipitia mwishoni, nikiwa na hela niliyokwisha kuitenga, na nikikosa nilichokitaka narudi nyumbani.

Mkifika kwenye wilaya zenu, wiki mbili za mwanzo msiingie supamaketi kabisa ila kwa maji na sabuni. Nendeni sokoni alfajiri hata kama hamjui neno. Chagueni mama mmoja wa mboga na mmoja wa samaki, mrudieni yule yule, mwiteni kwa heshima ya umri wake: *pa* akiwa makamo ya shangazi mkubwa, *yai* akiwa bibi. Wakishawajua, hata mkiugua kuna atakayeuliza.

Jumapili iliyopita nilimpakia Yai kwenye pikipiki nikampeleka supamaketi. Alikuwa hajawahi kuingia. Alivaa sarong yake ya hariri ya sikukuu. Akapita rafu ya jibini bila kugeuza shingo, akasimama muda mrefu mbele ya makopo ya tui la kiwandani, akalichukua moja, akaligeuza, akalirudisha mahali pake. Kisha akaenda kwenye sabuni za unga, zilikuwa kwenye ofa ya ukinunua moja unapewa ya pili. Alilipa kwa noti zilizokunjwa ndani ya kitambaa, na nje kwenye maegesho akanipa pakiti ya pili.